Mfupa Hujengwa Kivulini

Mchumia juani hulia kivulini. Methali hii nimeisikia katika kila ukumbi wa mazoezi ya ngoma nilioingia, na mara nyingi anayeitamka ndiye aliyeketi. Mchezaji akilalamika goti, anaambiwa avumilie, raha itakuja siku ya onyesho. Ninafundisha vijana kucheza, na swali linalonisumbua ni hili: mwalimu akishajua kinachotokea ndani ya mguu wa mwanafunzi wake, bado ana haki ya kumwambia avumilie?

Mchezaji anaporuka na kutua, sakafu humrudishia nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wake. Misuli na goti lililokunjwa hupunguza kishindo. Kinachobaki hubebwa na mfupa. Nao mfupa si jiwe, ni kitu hai. Kazi huutia nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, kisha mwili huondoa sehemu iliyochoka na kujenga mpya. Ujenzi huo unataka muda na chakula. Kazi ikiuzidi wiki baada ya wiki, nyufa ndogo huungana zikawa ufa mmoja. Kwa mchezaji, basi, kivuli si malipo ya baada ya kazi. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kumfundisha mchezaji mwili wake si jambo geni. Margaret H'Doubler, aliyesomea biolojia, aliongoza shahada ya dansi iliyoanzishwa mwaka 1926 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Aliwaanzishia wanafunzi wake wakiwa wamelala sakafuni, wachunguze viungo vyao vinavyokunjika kabla ya kusimama. Hakutaka wamuige yeye, alitaka waelewe.

Lakini kuelewa kunaleta deni. Mwanafunzi wangu mmoja anacheza na kikundi kinachotumbuiza hotelini, juu ya saruji. Aliumwa muundi. Maumivu ya misuli iliyochoka huenea, na hupungua baada ya siku chache. Yake aliweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, na yalizidi kila aliporuka. Nilimwambia huenda mfupa unapata ufa, aache kuruka, akaonwe na daktari. Akanijibu, “Mwalimu, nisipocheza silipwi. Naomba usimwambie kiongozi.”

Wapo watakaosema mwili ni wake, uamuzi ni wake. Nakubali nusu. Ningemwendea kiongozi bila ridhaa yake, ningemfanya mtoto mdogo, na wenzake wangejifunza kunificha maumivu yao. Hata hivyo, kusema “ameamua mwenyewe” kisha nikanawa mikono ni kujidanganya. Saruji hakuimwaga yeye, wala ratiba ya maonyesho hakuipanga yeye. Sayansi inayonionyesha ufa inanionyesha pia kishindo kinakotoka, na kinatoka kwenye maamuzi ya watu wenye sauti kuliko yeye.

Tukakubaliana. Siri yake nitaitunza, ila darasani kwangu haruki. Kwa idhini yake nilizungumza na kiongozi kuhusu kikundi kizima bila kumtaja mtu: mazoezini wapunguze miruko, mingine waiashirie kwa mikono tu, nguvu zao waziweke kwa ajili ya onyesho. Niliomba pia mbao za kutandika juu ya saruji. Mbao, alisema, hazina fedha. Kupunguza miruko alikubali.

Kilichobaki ni kigumu zaidi. Nilimwambia mwanafunzi wangu mpaka wa ahadi yangu: siku mguu utakapomuuma hata akiwa amelala, nitavunja ukimya, akipenda asipende. Alikasirika, akanyamaza wiki nzima. Kisha akaja, akakunja suruali, akaniuliza abonyeze wapi hasa ili ajipime mwenyewe kila asubuhi.

Sidhani kwamba mwalimu anaweza kumwondolea mtu njaa kwa kumfundisha mifupa. Ila nadhani anadaiwa mambo mawili: mwanafunzi ajue kila anachokijua mwalimu kuhusu mwili wake, na ajue mapema mwalimu atakitumiaje.