Mtoto Asiyeinua Mkono

Karibu kila darasa lina mtoto ambaye akiitwa jina, jibu analolijua hukwama kooni. Viganja vinalowa jasho, macho yanatazama dawati, na wenzake wanaanza kucheka hata kabla hajafungua mdomo. Sisi watu wazima tuna maneno ya haraka kwake: ati ana maringo, ati hakusoma. Swali langu ni hili: je, tuna haki ya kumlazimisha aongee?

Wanaosema ndiyo wana hoja. Mtaala wa CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unahesabu mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi. Isitoshe, hofu inayokimbiwa hunenepa. Kila siku mtoto anaporuhusiwa kunyamaza, anajifunza kwamba usalama uko kwenye kimya. Kumwacha hivyo miaka yote ni kumtelekeza kwa upole.

Lakini ukimsimamisha mbele ya wanafunzi 50 umwambie, "Ongea, unaogopa nini?", unamthibitishia kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Aibu bado inafanya kazi yake.

Mimi naona afadhali ngazi. Leo amsomee mwalimu peke yake wakati wa mapumziko. Wiki ijayo amsomee rafiki mmoja, kisha kikundi cha wanne, darasa zima baadaye. Aambiwe mapema swali atakaloulizwa kesho. Najua mwalimu ana watoto wengi na silabasi haimngoji mtu, ila kumnong'onezea mtoto swali la kesho hakuchukui hata dakika moja.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi. Mbona tunahangaika kumrekebisha anayeogopa, na anayecheka hatumgusi? Tunaiita hofu tatizo la mtoto mmoja, ilhali nusu yake inatengenezwa na wanaomsikiliza. Kusikiliza nako ni mawasiliano. Darasa linaloweza kumngoja mwenzao sekunde 10 bila kicheko limejifunza adabu ambayo haitaonekana kwenye ripoti ya muhula, lakini mtoto yule ataiona.

Kwa hivyo naam, tumtake aongee, polepole, kwa sababu sauti yake ni haki yake. Ila deni la kwanza ni letu sisi wenye masikio. Kabla ya kumwambia "usiogope", tumtolee kwanza kile anachokiogopa.