Kandili za Mtakatifu Martino na Mgeni wa Dini Nyingine

Tarehe 11 Novemba, au siku zilizo karibu nayo, watoto wa Ujerumani, hasa wa ukanda wa mto Rhein, huandamana jioni wakiimba, wamebeba kandili za karatasi walizotengeneza wenyewe shuleni au chekechea. Kandili huning'inia kwenye kijiti. Zamani ndani yake uliwaka mshumaa, siku hizi mara nyingi ni balbu ndogo ya betri. Mbele hutangulia mpanda farasi mwenye joho jekundu na kofia ya askari wa Kirumi. Mwishoni huwashwa moto mkubwa, na watoto hugawiwa mkate mtamu wenye umbo la mtu, macho yake zabibu kavu.

Anayekumbukwa ni Martino, askofu wa Tours, aliyezikwa tarehe hiyo mwaka 397. Kwa mgeni asiye Mkristo, hasa mzazi ambaye mtoto wake yumo katika msafara, swali huja lenyewe: je, kubeba kandili ni kushiriki ibada ya watu wengine?

Wapo wanaojibu kwamba ni ibada, hivyo bora kukaa kando. Wengine hutaka dini iondolewe ili kila mtu ajisikie nyumbani. Mwaka 2013 mwanasiasa mmoja wa jimbo la Nordrhein-Westfalen alipendekeza sherehe iitwe ya jua, mwezi na nyota. Mwenyekiti wa Baraza Kuu la Waislamu nchini Ujerumani hakuafiki: alisema maisha ya Martino ni mfano mwema hata kwa Waislamu.

Kisa chenyewe cha Martino kinatoa mwanga. Sulpicius Severus, aliyemfahamu Martino, anasimulia kwamba katika baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens, Martino, wakati huo akiwa askari, alikutana na maskini aliye uchi ambaye wapita njia walimpuuza. Nguo nyingine alikwisha kuzitoa sadaka. Akachomoa upanga, akakata joho lake vipande viwili, akampa maskini kimoja. Baadhi ya waliokuwapo walimcheka kwa kubaki na vazi lililokatwa. Farasi hatajwi; ni nyongeza ya baadaye.

Siku hiyo Martino alikuwa mkatekumeni, yaani mwanafunzi wa imani ambaye hajabatizwa. Tena alikuwa mgeni: alizaliwa Pannonia, katika Hungaria ya leo. Naye maskini hakuulizwa dini yake.

Hata Wakristo wenyewe hawaielewi sherehe hii kwa namna moja. Martin Luther, kiongozi wa Matengenezo ya Kiprotestanti, alipinga kuwaomba watakatifu, lakini jina lake alilipata kwa kubatizwa siku ya Martino, mwaka 1483. Mjini Erfurt, Wakatoliki na Waprotestanti husherehekea pamoja tarehe 10 Novemba, siku aliyozaliwa Luther.

Kumwomba mtakatifu ni jambo la imani, na asiyeamini halazimiki kulifanya. Kuheshimu tendo la huruma ni jambo jingine, na halimtoi mtu katika dini yake. Kwa hiyo mgeni anaweza kutembea na kandili bila kuficha imani yake, na mwenyeji hana haja ya kulificha jina la Martino ili kumkaribisha.