Mrabaha wa Jina

Dhahabu ikifika sokoni mjini Geita haiishii kupimwa uzito na usafi. Huulizwa pia imetoka wapi: duara lipi, yaani shimo lipi la machimbo, leseni ya nani. Swali hilo si la kujuliana hali, kwa maana jibu lake ndilo linaloamua nani anastahili mrabaha na nani atachukua ushuru. Binadamu mwenye jina naye huulizwa vivyo hivyo, na nadhani sababu ni ileile. Kila panapotungwa orodha ya watu mashuhuri wa mkoa fulani, wale "waliozaliwa au kuishi" humo, chini yake kuna dai: huyu ni wetu, basi sehemu ya heshima yake ije kwetu. Naona dai hilo halina miguu likiegemezwa kwenye kuzaliwa. Likiegemezwa kwenye kuishi linasimama, ila kwa sharti ambalo wadai wenyewe huenda wasilipende.

Tuanze na kuzaliwa. Mkazi wa Kalangalala, mjini Geita, akisema leo kwamba Rais wa awamu ya tano alikuwa mzaliwa wa mkoa wake, hajadanganya. Lakini John Magufuli alipozaliwa Chato, tarehe 29 Oktoba 1959, hapakuwa na Mkoa wa Geita. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo, na hata alipoingia bungeni mwaka 1995 jimbo lake liliitwa Biharamulo Mashariki. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012 kwa vipande vilivyomegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Kwa hiyo mtu huyu alipata kuwa "mzaliwa wa Geita" akiwa na miaka 52, tayari ni waziri, bila kuhamisha hata kigoda. Mwaka huohuo waliozaliwa Bariadi na Maswa waliamka wakiwa watu wa Simiyu, nayo Shinyanga ikapungukiwa na majina yake bila mtu yeyote kufa wala kusafiri. Hoja ya kuifanya Chato yenyewe kuwa mkoa imeshajadiliwa. Siku hoja hiyo ikipita, Geita nayo itampoteza. Hata pasipo mipaka kuhama, kuzaliwa hakutoshi, kama Marekani wanavyoonyesha: Abraham Lincoln alizaliwa Kentucky mwaka 1809, akakulia Indiana, lakini Illinois ndiyo iliyoandika jina lake kwenye vibao vya magari. Wasukuma, kwa upande wao, hawakuhangaika sana na mipaka walipowapa watoto majina. Mabula ni aliyekuja na mvua. Ukimsikia Doto unajua yupo, au alikuwapo, Kulwa aliyetangulia, na Shija ndiye aliyewafuata mapacha. Jina linakuambia mtoto alikuja katika hali gani na baada ya nani. Wilaya haimo.

Atakayenipinga atasema mpaka ni karatasi tu, na kwamba kinachomlea mtu ni ardhi na watu wa kwao. Mkataa kwao ni mtumwa. Nakubali kwamba mtu hulelewa na watu. Ila tukishika njia hiyo inabidi tuifuate hadi mwisho. Magufuli alisoma seminari ya Katoke, akasoma Mwanza, akaenda Mkwawa, Iringa, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifundisha kemia na hesabu Sengerema, akafanya kazi ya ukemia katika chama kikuu cha ushirika cha Nyanza. Kama malezi ndiyo yanayodai mrabaha, Sengerema nayo ilete ankara yake, na Iringa pia, na Chato ipokee fungu lake kama wengine. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mwalimu: mtoto wa shule ya kata anahitaji kusikia kwamba mtu wa jirani alifika mbali. Anahitaji, sikatai. Lakini kitakachomfaa mtoto huyo ni kujua ile njia, shule kwa shule, pamoja na nani alilipa ada. Akiambiwa tu kwamba wamezaliwa ukanda mmoja, ameambiwa jambo ambalo hawezi kulifanyia chochote.

Kuishi ni habari nyingine. Wahenga waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawakutaja alikozaliwa. Kipimo chao kilikuwa kazi, nami nakiongezea kidogo: mtu ni wa mahali ikiwa huwezi kusimulia alichofanya bila kupataja. Kwa kipimo hiki John Williamson, mwanajiolojia aliyezaliwa Quebec, Kanada, ni mtu wa Shinyanga kuliko wengi waliozikiwa vitovu huko. Aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, akafia palepale Mwadui Januari 1958, na mgodi ungali na jina lake. Mtaniambia kipimo kinachomkaribisha mkoloni tajiri na kumwacha nje mtoto aliyeondoka kwenda mjini ni kibovu. Kingekuwa kibovu kama kuwa wa mahali kungekuwa sifa. Si sifa, ni kufungamana, na mfungamano huwa na hesabu za pande zote mbili. Jembe alipewa Williamson, ila mikono iliyolishika kwa wingi haikuwa yake, na orodha haina safu ya mikono.

Ndiyo maana mashuhuri halisi wa Geita, kwa kipimo hiki, si mtu mmoja. Tangu mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilikuwa imeizuia TANU kusajili matawi Usukumani, na mwaka 1958 Geita ikabebeshwa baraza la wilaya la mseto wa Waafrika, Waasia na Wazungu ambalo wakazi hawakulitaka. Waliandamana mjini, kisha mamia wakaenda hadi Mwanza kuyasema hayo mbele ya wakuu wa jimbo, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Mpango wa baraza lile haukudumu, na kizuizi cha TANU kikaondolewa kabla mwaka haujaisha. Kisa hicho hakisimuliki bila kuitaja Geita. Wengi wa waandamanaji hao, isitoshe, hawakuzaliwa hapo: walikuwa wahamiaji kutoka Usukuma walioingia nchi ya Wazinza kutafuta mashamba na malisho.

Orodha kama ilivyo ingempokea kwa urahisi mzaliwa mmoja wa Shinyanga aliyetoka ardhini Oktoba 1947 akiwa na karati 54.5, wa rangi ya waridi. Alipelekwa London kama zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth, akakatwa hadi karati 23.6, na mwaka 1953 akawekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Anaitwa Williamson.