Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Usizime Taa



Wiki hii gari yangu iliwasha taa ya injini. Fundi hapa Dumila akaipima, mashine ikatoa P0401: moshi unaorudishwa kwenye injini kupitia vali ya EGR, ili kupunguza sumu, hautoshi. Nikasema, "Basi sensa imekufa. Futa tu hiyo taa, kuna mtu anataka kuinunua kabla ya Idi."

Akanijibu, "Ustadhi, nikifuta itamuwakia mwenzio kabla hajafika Gairo. Tuangalie kwanza." Akapima waya, akapima umeme wa sensa: vizima. Akafungua vali: masizi yameganda, njia imeziba. Sensa ilikuwa inasema kweli. Mwongo nilikuwa mimi, tena nimefunga.

Ndugu zangu, Surat al-Mutaffifin, aya ya 14, inatufunza kwamba maovu tunayoyachuma huwa kutu juu ya nyoyo. Kutu haiji siku moja. Ni kama masizi, kidogo kidogo. Ule mchomo unaousikia ukimdhulumu mtu ndiyo taa yako. Ukiuzoea, umezima taa tu, masizi yamebaki palepale.

Basi leo kabla ya futari tufungue vali. Una deni? Lipa. Kuna uliyemdanganya sokoni? Mrudie, umwambie ukweli. Mimi nimeshampigia yule mnunuzi, nimemweleza yote.

Ewe Mola wetu, zisafishe nyoyo zetu na uzikubali swaumu zetu. Amin.