Hatia ya Kukawia

Mkulima wa Kitale apelekaye gunia la mahindi Bungoma hupeleka pia fukusi waliomo ndani yake. Kama hakujua kuwa wamo, twamlaumu kidogo. Kama alijua akanyamaza, twamwita mkosaji. Hati za ofisi, zipitazo kutoka kompyuta moja hadi nyingine, zina hali iyo hiyo.

Ndani ya programu ya Word ya kampuni ya Microsoft ilikuwamo sehemu ya kuandikia milinganyo ya hisabati, iliyotengenezwa mwaka 2000. Sehemu hiyo ilikuwa na tundu. Mwizi aliweza kutunga hati iliyofanana na barua ya kawaida, na mara ilipofunguliwa, kompyuta ilitii amri zake. Miaka 17 ilipita. Tarehe 14 Novemba 2017 kampuni ilitoa sasisho la kuliziba, na Januari 2018 ikaiondoa sehemu yote.

Hapa pana jambo la kufikiri. Sasisho litolewapo, habari za tundu hutoka pamoja nalo. Karani mwangalifu huzisoma akaziba. Mwizi naye huzisoma akajua pa kupenyea. Muda si muda hati za wizi zilienea, zikaendelea kutumwa kwa miaka baada ya dawa kupatikana. Basi dawa iliyomkinga aliyeitumia ilimzidishia hatari aliyekawia.

Kwa hiyo naona kuwa hatia ya mtumiaji huzaliwa siku ya tangazo. Kabla yake, mwalimu aliyeibiwa alama za wanafunzi alikuwa amedhulumiwa tu; baada yake, yeye pia ana fungu katika kosa, kwani alama zile ni amana. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo humtaka mwenye kutunza habari za watu azilinde.

Lakini nasita juu ya maskini. Sasisho huja kwa intaneti, na intaneti hununuliwa. Shule ichaguayo baina ya chaki na intaneti siwezi kuihukumu sawa na karani wa mjini aonaye ilani kila asubuhi, akaiahirisha kwa haraka zake. Huyu ana uwezo.

Wala mtengenezaji haponi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha rasmi huduma zake kwa Office 2016 na Office 2019, ingawa programu zenyewe hazikuacha kufanya kazi siku hiyo. Tundu jipya likigunduliwa humo, huenda mwenye kompyuta asipate cha kulizibia, hata akitaka.