Deni la Asiyekusudia

Je, mtu akidhuru pasipo kukusudia, ana deni? Na tumtazame sihek, mdiria mdogo wa msitu wa kisiwa cha Guam, katika Bahari ya Pasifiki. Huyu havui samaki. Hula panzi na mijusi, naye huchimba kiota chake katika mti uliooza. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, nyoka wa mitini waliingia kisiwani wamejificha katika shehena za meli. Hakuna aliyewaleta kwa kusudi; lakini walikula mayai, makinda na ndege wazima, hata baada ya mwaka 1988 sihek hakuonekana tena msituni.

Twaweza kusema, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini wako waliokamata ndege 29 kati ya 1984 na 1986, kabla hawajaisha, wakawalea vizimbani kizazi baada ya kizazi. Na mwaka 2024 wakafungua 9 katika kisiwa cha Palmyra, kisicho na nyoka wale. Huko si kwao, ila ni msitu.

Basi, kutokusudia kwatuondolea lawama, lakini hakutuondolei deni. Aliyemwaga na ainame, azoe awezacho.