Simama Useme Ulichokiona

Ikisiri yako imekubaliwa. Umepewa dakika 15 kwenye kongamano la walimu wa sayansi pale AICC, Arusha, na tangu habari ikufikie usingizi umepaa. Mimi mwalimu wa shule ya kata, unajiuliza, nitawaambia nini maprofesa?

Waambie ulichokiona. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Akawahi nafasi kwenye friza kwa kuweka maziwa yenye sukari yangali moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Dakta Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wenzake wakamcheka. Osborne akarudi Dar es Salaam, akataka jambo hilo lipimwe maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Wanafizikia wanabishana hadi leo kuhusu jambo hilo, na wanaliita athari ya Mpemba. Siku ile alipouliza hakuwa na shahada. Alikuwa na jambo aliloliona kwa macho yake.

Basi, nawe tanguliza jambo uliloliona. Usimalize dakika tatu ukitaja waheshimiwa mmoja mmoja. Itifaki ikishazingatiwa, imezingatiwa. Waingize moja kwa moja darasani kwako, siku ile uliposhtuka kuona jaribio linakataa kufuata kitabu. Slaidi chache, maandishi makubwa.

Kisha ifanye kazi ambayo wengi wanaikwepa. Simama sebuleni, washa saa ya simu, useme wasilisho zima kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Kusoma kimoyomoyo si mazoezi. Ulimi hauna habari nako. Usishangae ukifika dakika 25. Kata, urudie. Mwite shangazi asikilize, na pale atakapokunja uso, papo hapo ndipo pa kurekebisha. Rudia tena kesho, na keshokutwa, mpaka maneno yatoke bila kutafutwa.

Andika pia maswali unayoyaogopa kuliko yote, uyajibu kwa sauti hiyohiyo. Likija usilolijua, sema: "Hilo sijalipima." Si aibu. Hata Osborne pale Mkwawa hakuwa na jibu, alikwenda kulitafuta.

Mwalimu, usingoje wiki ya safari. Leo jioni, mkishakula, sogeza meza, simama, anza.